Mimba ya Utu Uzima: Kulea, Kumpa Ndugu Alee, au Kumpanga? Historia na Hukumu Zake

Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Amma baad.

Miongoni mwa maswali wanayoletewa maimamu na makadhi wetu kwa sauti ya chini, limo moja ambalo vitabu vya darsa havikulitengea mlango wake peke yake. Ni swali la mama mtu mzima, mwenye umri wa miaka 44 au 47, aliyekwisha kuoza binti na pengine kupakata mjukuu, kisha akajikuta ni mja mzito. Hakuitarajia mimba ile. Hedhi ilikuwa ikija na kupotea, naye akadhani ndio ukomo umewadia. Mwili umechoka, mume pengine ni mgonjwa au amekwisha kufariki, na majirani wananong'ona kwamba mama na binti wanakwenda kliniki pamoja. Hapo hutokea ndugu au wifi ambaye hakujaaliwa mtoto, akasema: "Nipe mimi. Nitamwandikisha kwa jina langu, wala hatajua maisha yake yote."

Mama huyo huulizwa jambo moja tu: utamlea au utamtoa? Wapo wanaomwambia kwamba mama anayetoa mtoto wake amekosa imani. Wapo wanaomwambia kwamba umri wake haumfai tena kulea, basi ampe mwingine na amsahau. Katika makala hii tunataka kuonyesha, kwa kufuata historia ya jambo lenyewe tangu zama za Mitume hadi sheria za nchi za leo, kwamba wote wawili wamekosea, na kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Sharia haikumwekea mama milango miwili tu. Imetenganisha mambo manne ambayo watu huyachanganya: nasaba, maziwa, malezi na matumizi. La kwanza halitoki mikononi mwa mtu kwa hali yoyote. Matatu yaliyobaki yanaweza kubebwa na wengine, na mengine katika hayo yanaweza kurejea.

Mimba ya mtu mzima si jambo geni

Tuanze na kuondoa aibu, kwani aibu ndiyo inayowapeleka wengi kwenye makosa. Qur'ani imetutajia Bi Sara, mke wa Nabii Ibrahim (A.S.), alipobashiriwa mtoto naye ni mkongwe (Hud 11:71-73 na Adh-Dhariyat 51:29). Alishangaa, akapiga uso wake, akauliza vipi atazaa hali yeye ni kizee na mumewe ni mzee. Malaika walimkumbusha kwamba hiyo ni amri ya Allah, kisha wakawaombea rehema na baraka watu wa nyumba ile. Mshangao wake umehifadhiwa katika Kitabu kitukufu, wala hakuna aliyemcheka.

Katika nyumba ya Mtume wetu (S.A.W.), mapokeo mashuhuri yanasema kwamba Bi Khadija (R.A.) aliolewa akiwa na miaka 40, na watoto wake kwa Mtume aliwazaa baada ya hapo. Yako mapokeo mengine yanayotaja umri wa miaka 28. Lakini Umma huu kwa karne nyingi umeyasimulia yale ya 40 bila ya kuona kwamba ni jambo la kumtia mama aibu.

Mafakihi nao walilijua jambo hili. Walipojadili umri wa kukata tamaa ya hedhi, kwa ajili ya hukumu za eda, hawakukubaliana juu ya umri mmoja. Kwa Mahanbali ni miaka 50, kwa Mahanafi ni 55 kwa kauli inayotolewa fatwa, kwa Mashafii kauli mashuhuri ni 62, na Wamaliki wamefika hadi 70. Maana yake ni kwamba wanazuoni wetu hawakumchukulia mwanamke aliyepita miaka 40 kuwa tumbo lake limefungwa. Waganga wa leo wanasema yale yale kwa njia yao: kupotea kwa hedhi miezi michache si ukomo, na mimba huweza kushika katika miaka hiyo ya mpito. Wanaongeza tahadhari, kwamba mama aliyepita miaka 40 yuko karibu zaidi na shinikizo la damu na kisukari cha mimba, na mtoto yuko karibu zaidi na baadhi ya maumbile yanayohitaji uangalizi wa pekee. Kwa hiyo anaposema kwamba anaogopa, ana sababu. Hofu yake isikilizwe kabla ya kuhukumiwa.

Mama aliyemtoa mtoto wake, na mtoto hakupoteza jina

Katika Suratu Al-Imran (3:35-37 na 3:44) kuna kisa ambacho maimamu wetu hukisoma kila mara, lakini ni mara chache kukitumia katika mlango huu. Ni kisa cha mke wa Imran. Wafasiri wanaeleza kwamba alikawia kupata mtoto mpaka akawa mtu mzima. Aliposhika mimba aliweka nadhiri kwamba mtoto wake atakuwa wa kumtumikia Allah. Akamzaa Maryam, akamtoa. Watu wema wa zama zile walishindana nani atakayemlea, wakapiga kura kwa kalamu zao, na kura ikamwangukia Nabii Zakaria (A.S.), ambaye kwa kauli za wafasiri alikuwa na ukwe katika nyumba ile. Neno lililotumiwa na Qur'ani kwa ulezi huo ndilo asili ya neno kafala tunalolitumia katika Fiqhi.

Sasa tuangalie. Mama alimtoa mtoto, na Allah akampokea kwa mapokezi mema. Mlezi alikuwa Nabii. Pamoja na hayo Maryam hakuitwa binti wa Zakaria hata siku moja. Qur'ani inamwita binti wa Imran (At-Tahrim 66:12). Malezi yalihama na nasaba ikabaki pale pale.

Mfano wa pili ni wa mama yake Musa (A.S.) katika Suratu Al-Qasas (28:7-13). Yeye hakuchagua kwa raha, alilazimishwa na dhulma ya Firauni. Aliyemwokota mtoto alitaka amfanye mwana. Qur'ani haikuficha hali ya mama: inasema moyo wake ulikuwa mtupu, na alikaribia kuitoa siri. Kisha Allah akamrejesha mtoto kwake kwa njia ya maziwa, ili jicho lake litulie. Anayemwambia mama "toa na usahau" na arejee kwenye aya hizi. Allah ambaye ndiye aliyeumba moyo wa mama hakumtaka asahau.

Zaid na Salim: kufutwa kwa mtoto wa kupanga

Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na desturi ya tabanni, yaani kumpanga mtoto wa mtu awe mwana. Mtoto alibadilishwa jina, akarithi na kurithiwa, na mke wake akawa haramu kwa yule aliyempanga. Zaid bin Haritha (R.A.) alitekwa udogoni, akauzwa, akafika kwa Bi Khadija, naye akampa Mtume (S.A.W.) kabla ya Utume. Baba yake na ami yake walipomfuata kumkomboa, aliachiwa achague, akachagua kubaki. Ndipo Mtume akamtangaza kuwa mwanawe, na watu wakamwita Zaid bin Muhammad.

Madina, takriban mwaka wa 5 Hijria, ziliteremka aya za Suratul Ahzab (33:4-5), zikabainisha kwamba watoto wa kupanga si wana wa kweli, bali hayo ni maneno ya vinywa. Zikaamrisha waitwe kwa baba zao, na kwamba wasiojulikana baba zao ni ndugu katika dini na marafiki. Zaid akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Je, alipoteza mapenzi? Hapana. Ndiye Sahaba pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur'ani (33:37), na ndiye amiri wa kwanza wa jeshi la Muta mwaka wa 8 Hijria, alikouawa shahidi.

Wa pili ni Salim (R.A.), aliyekuwa mtoto wa kupanga wa Abu Hudhaifa. Baada ya aya kuteremka, Bi Sahla bint Suhail, mke wa Abu Hudhaifa, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akamweleza tatizo la nyumbani mwake: Salim sasa ni mtu mzima, si mwana tena, na nyumba ni moja. Mtume alimruhusu amnyonyeshe awe maharimu yake. Wakeze Mtume wengi, akiwamo Bi Ummu Salama (R.A.), waliiona kuwa ni ruhusa ya Salim peke yake, na hii ndiyo kauli ya jumhuri ya wanazuoni. Bi Aisha (R.A.) alikuwa na rai nyingine. Lakini somo la historia halipotei kwa hitilafu hiyo. Sharia ilipofuta jina la uongo haikuibomoa nyumba. Iliwatafutia watu wa nyumba ile njia ya halali ya kubaki pamoja. Naye Salim, aliyeitwa tangu hapo mawla wa Abu Hudhaifa, alikuwa mmoja wa wanne ambao Mtume aliwaamrisha watu wajifunze Qur'ani kwao.

Hukumu tatu za zama za mwanzo

Baada ya kufutwa kupanga, Waislamu wa mwanzo waliwalea vipi watoto ambao hawakuwa mikononi mwa mama zao? Tunazo hukumu tatu zilizothibiti.

Ya kwanza ni ya binti wa Hamza (R.A.). Mwaka wa 7 Hijria, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akitoka Makka baada ya Umra, mtoto huyo alimfuata akiita "ewe ami". Ali, Jaafar na Zaid wote watatu walimtaka, kila mmoja kwa hoja yake. Mtume akahukumu apewe Jaafar, kwa sababu mke wa Jaafar, Asma bint Umais, alikuwa khale yake mtoto, na akabainisha kwamba khale ana daraja ya mama. Kisa kimo katika Sahih ya Bukhari. Jina la mtoto likabaki binti wa Hamza.

Ya pili imepokewa na Imamu Malik (aliyefariki mwaka wa 179 Hijria) katika Muwatta. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa amemwacha mke wa Kiansari aliyemzalia mtoto, Asim. Siku moja alimkuta mtoto akicheza kwenye ua wa msikiti wa Quba, akambeba juu ya mnyama wake. Bibi yake mtoto, mzaa mama, akamzuia. Walishindana mpaka kwa Sayyidna Abubakar (R.A.), naye akamwamuru Umar amwachie. Umar hakujibu neno. Aliyeshinda siku ile alikuwa bibi, mwanamke mwenye wajukuu, dhidi ya mmoja wa watu wenye nguvu zaidi mjini Madina. Anayedai kwamba umri peke yake unamtoa mwanamke katika haki ya kulea, na ajibu hukumu hii.

Ya tatu pia imo katika Muwatta. Mtu mmoja aitwaye Sunain Abu Jamila aliokota mtoto aliyetupwa, akampeleka kwa Umar (R.A.) katika ukhalifa wake. Baada ya kuthibitishiwa uadilifu wa mtu yule, Umar alihukumu kwamba mtoto ni huru, mwokotaji ndiye mwenye wilaya yake, na matumizi yake yatalipwa na Baitul Mali. Hapa malezi yamekwenda kwa mmoja, na gharama kwa mwingine.

Minhaj inamwambia nini mama aliyechoka

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki wengi wetu ni Mashafii, na Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka wa 676 Hijria, 1277 Miladia) ni miongoni mwa vitabu vya darsa zetu. Tukiifungua pamoja na sherehe zake tutaona kwamba mama amepewa nafasi pana zaidi kuliko anayopewa na watu wa mtaani.

Katika maziwa, mama analazimika kumpa mtoto dang'a, yale maziwa ya mwanzo. Baada ya hapo, akipatikana mwingine wa kunyonyesha, mama halazimishwi. Asili ya jambo hili ni aya ya Suratul Baqara (2:233), ambayo imekataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Aya hiyo hiyo imeyajenga maamuzi ya kumwachisha mtoto juu ya ridhaa na mashauriano ya wazazi wawili, na ikaruhusu mtoto anyonyeshwe na mwingine. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alinyonyeshwa na Bi Halima wa Bani Saad hali mama yake yu hai, kisha akarejeshwa kwake.

Katika malezi, yaani hadhana, mama ndiye wa kwanza, kisha mama wa mama. Lakini ni haki yake zaidi kuliko kuwa mzigo wake. Akikataa, na yupo mwingine wa kumlea na baba wa kutoa matumizi, halazimishwi. Haki inahamia kwa anayemfuatia. Na hapa ndipo penye faida kubwa ambayo wengi hawaijui: kwa Mashafii, mama aliyeiacha haki yake akirejea kuitaka, haki inamrudia. Wamaliki katika kauli yao mashuhuri wanasema hairudi akiiacha bila ya udhuru. Mama wa Kishafii aliyemkabidhi mtoto kwa dada yake wakati afya yake imevunjika, si mtu aliyefunga mlango na kutupa ufunguo. Akipona, ana haki ya kusema: nirudishieni mwanangu.

Katika matumizi, wajibu ni wa baba, hata mtoto akiwa analelewa nyumba nyingine. Baba asiseme kwamba kwa kuwa mtoto yuko kwa shangazi yake, basi yeye ameshatua mzigo.

Ama nasaba, hiyo haitolewi zawadi. Mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake hali anajua amekemewa vikali katika hadithi za Bukhari na Muslim. Mtoto anabaki na jina la baba yake, anawarithi wazazi wake waliomzaa, nao wanamrithi.

Akiwa mama hana mume

Mimba nyingine za utu uzima ni za wajane na walioachwa. Hapa imamu asikimbilie dhana mbaya. Mjane mwenye miaka 48 anaweza kufiwa huku amebeba mimba asiyoijua, na mtoto huyo ni wa marehemu, ana fungu lake katika mirathi, na eda ya mama ni mpaka azae (At-Talaq 65:4). Kumficha mtoto kama huyu na kumpa mtu mwingine kwa jina jingine ni kumdhulumu yatima mali yake.

Na ikiwa mimba ni ya haramu, dhambi ni ya waliotenda, na mtoto habebi mzigo wa mtu mwingine (Al-An'am 6:164). Katika Sahih Muslim imepokewa habari ya mwanamke wa Ghamid aliyekuja kukiri akiwa na mimba. Mtume (S.A.W.) alimrudisha mpaka azae, na katika mapokeo mengine mpaka amwachishe mtoto ziwa, kisha mtoto akakabidhiwa mtu katika Waislamu amlee. Hata mbele ya hadi, haki ya mtoto ya maziwa na mlezi ilitangulizwa. Mtoto huyu kwa mafakihi ananasibishwa na mama yake, wanarithiana, naye mama hazuiliwi kumlea kwa sababu ya kosa lililopita.

Nchi za wengine zilijifunza nini

England ilitunga sheria yake ya kuasili watoto mwaka 1926, na baadaye ikajengeka kwamba mtoto aliyeasiliwa huhesabiwa kuwa amezaliwa na wale waliomchukua, na asili yake hufungwa. Miaka haikupita mingi kabla ya waliofungiwa asili zao kuanza kuitafuta. Sheria ya mwaka 1975 ikawafungulia waliofikia umri wa miaka 18 njia ya kuona kumbukumbu za kuzaliwa kwao. Huko Australia, tarehe 21 Machi 2013, Waziri Mkuu Julia Gillard aliwaomba radhi kwa niaba ya taifa akina mama ambao watoto wao walichukuliwa kwa shinikizo. Hatuyataji haya kwa kuwacheka watu. Tunayataja kwa kuwa yanashuhudia kwamba kukata mzizi wa mtoto kunaumiza pande zote mbili, na jambo hili Suratul Ahzab ililiweka wazi karne nyingi nyuma.

Katika nchi za Waislamu njia zilitofautiana. Tunisia kwa sheria ya mwaka 1958 iliruhusu kuasili kamili. Algeria, katika Sheria ya Familia ya mwaka 1984, ilikataza tabanni na kuipangilia kafala: mtoto anabaki na nasaba yake, na wazazi wakimtaka arudi, mtoto mwenye kupambanua huchagua mwenyewe, na asiyefikia hapo hakimu huangalia maslahi yake. Morocco ilitunga sheria ya kafala mwaka 2002. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala katika kifungu cha 20, na kwa jirani zetu na ndugu zetu wa Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua pia. Hapana udhuru tena kwa Muislamu kusema kwamba njia ya dini yake haijulikani mahakamani.

Nasaha kwa maimamu na jamaa

Ndugu zetu maimamu, anapokujieni mama wa namna hii, tunapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, mtulizeni, na mumpeleke kwa wataalamu wa afya mapema. Maamuzi makubwa yasifanywe katika wiki za hofu. Mtoto bado hajazaliwa, na baada ya kuzaliwa kuna wakati wa kunyonya dang'a na kupumua.

Pili, chunguzeni ni kipi kati ya vile vinne kinachomlemea. Wengi hawamkatai mtoto. Wanakosa fedha, au wanakosa mtu wa kukesha naye usiku, au wanaogopa kufa na kumwacha mdogo. Wa kwanza dawa yake ni matumizi: baba, kisha jamaa wenye uwezo, na mfuko wa zaka wa msikiti kwa wanaostahiki. Wa pili dawa yake ni mabinti na wanawe wakubwa washike zamu. Wa tatu dawa yake ni wasia wa ulezi ulioandikwa na kushuhudiwa. Huenda mama akamlea kitinda mimba wake kwa raha akisaidiwa katika hayo.

Tatu, akiamua mtoto alelewe na mwingine, asilaumiwe, na ndugu watangulizwe kama alivyotangulizwa khale wa binti wa Hamza. Yaandikwe makubaliano mbele ya kadhi: jina la mtoto, nani mlezi, nani mtoa matumizi, mama atamwona lini, na kwamba haki yake ya kurejea haijafutwa. Nchi zenye utaratibu wa serikali wa ulezi, ufuatwe.

Nne, tazameni umaharimu mapema, kwa kuwa dawa yake ina muda. Akilelewa msichana na dada yake aliyeolewa, shemeji wa nyumba ile si maharimu wake. Akilelewa na shangazi, mume wa shangazi naye ni hivyo hivyo. Mlezi mwenye maziwa ya uzazi wa mume huyo akimnyonyesha mara tano kamili ndani ya miaka miwili ya mwanzo, huwa mama yake wa kunyonya, na mumewe baba yake. Mlezi asiye na maziwa, dada wa mume wake anaweza kunyonyesha, na mume akawa mjomba wa kunyonya. Wakati huo huo tahadharini: mama na binti waliojifungua pamoja wasibadilishane watoto kiholela kwenye ziwa. Mjukuu aliyenyonya kwa bibi amekuwa ndugu wa mama zake wadogo na wajomba zake, na binamu zake wote wa upande ule hawezi tena kuwaoa. Yaliyonyonywa yaandikwe.

Tano, cheti cha kuzaliwa kisiandikwe uongo. Mtoto aliyeandikwa kwa jina la wifi atakula mirathi isiyo yake, atanyimwa iliyo yake, na iko siku atapeleka posa kwa dada yake wa damu bila ya kujua. Mlezi akitaka kumwachia mali, milango iko wazi: ampe hiba akiwa hai, au amuusie hadi theluthi moja.

Sita, mtoto aelezwe ukweli tangu mdogo, kwa maneno ya umri wake. Ana mama aliyemzaa na mama anayemlea, na wote wawili wanampenda. Zaid alijua baba yake ni nani, na kujua huko hakukumpunguzia lolote katika nyumba ya Mtume (S.A.W.).

Mama wa miaka 46 atakayemlea kitinda mimba wake ana thawabu za taabu yake. Mama atakayemkabidhi kwa ndugu mwema, kwa jina lake na haki zake zote, naye amefanya kwa mwanawe jambo lenye mfano katika nyumba ya Imran. Mlezi atakayempokea bila ya kumnyang'anya nasaba yake atarajie malipo kwa Mola wake. Na sisi tulio pembeni, wajibu wetu ni kuwapa hukumu sahihi na mikono ya kusaidia, na kuuzuia ulimi.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.